Phoenix Kutoka Shinyanga Hadi Chumba cha Manzese

Anayehamia Dar es Salaam na baiskeli yake huumiza kichwa kuhusu umbali. Kutoka Shinyanga ni karibu kilomita 1,000, lakini hizo zinamalizwa na basi. Tatizo lenyewe ni upana. Phoenix ya inchi 28 ina urefu wa karibu mita 1.9 na fremu nyembamba. Kinachoifanya ijae mahali ni usukani wa sentimita 60 hivi na pedeli mbili zinazochomoza huku na huku. Vishughulikie hivyo, mengine yaache.

Anza na pedeli. Spana namba 15 inatosha, ila ya kulia hufunguka kama nati yoyote, na ya kushoto huzungushwa kufuata mshale wa saa. Asiyejua hukaza akidhani analegeza, kisha anachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu, na uzi wa krenki unakufa. Uzi huo wa kinyume una kazi: unazuia pedeli ya kushoto isijifungue yenyewe kidogo kidogo njiani. Ndugu Orville na Wilbur Wright, waliokuwa mafundi baiskeli mjini Dayton kabla ya kurusha ndege yao mwaka 1903, waliunadi kwa wateja wao tangu 1900.

Usukani ndio wenye mtego. Kwenye baiskeli ya breki za waya unalegeza boliti ya shingo mizunguko michache, unaigonga kwa nyundo juu ya kipande cha ubao ili kabari iliyo ndani iachie, kisha unageuza. Phoenix ina breki za fito. Ukigeuza tu, fito zinapinda, na fito iliyopinda hairudi sawasawa. Legeza kwanza skrubu zinazozibana, zitenganishe, na utie alama ya rangi ya kucha pale zilipobanwa, ili Dar usianze kurekebisha breki upya.

Magurudumu yabaki. Wengi huyatoa wakidhani wanaokoa nafasi, na foku tupu ikibanwa na mizigo inapinda. Upepo nao usitolewe wote, kwa sababu tairi lenye upepo ndilo linaloikinga rimu. Kwenye buti la basi la Shinyanga jirani yako ni magunia ya mchele. Elewana na konda mapema, baiskeli iingie mwisho, ilale juu ya magunia, upande wa cheni ukiwa juu, imefungwa kwa mpira wa tyubu. Ikitangulia kuingia, itabebeshwa kilo mia kadhaa hadi stendi ya Magufuli, Mbezi Luis.

Sasa chumba. Cha futi 10 kwa 10 kina mita za mraba 9.3. Baiskeli iliyoegeshwa ukutani ikiwa nzima inakula zaidi ya mita moja ya mraba, karibu sehemu ya nane ya chumba unachokilipia kodi. Ukiuacha usukani umegeuzwa na pedeli ya upande wa ukuta imetolewa, eneo hilo linashuka hadi nusu. Hiyo inamfaa anayeendesha mara moja moja. Wa kila siku hawezi kufungua fito kila asubuhi, na ushauri wa kuitundika kwenye ndoano siukubali kwa Phoenix: ina kilo 20 hivi, dari ya jipsamu haiibebi, na ikining'inia inachomoza mita nzima ndani ya chumba. Iweke sambamba na kitanda. Usukani uko juu kuliko godoro, kwa hiyo upana wake unapita hewani juu ya kitanda, na sakafuni zinabaki tairi na pedeli tu.

Kibarazani isilale. Mwizi ni sababu moja. Ya pili ni hewa ya chumvi ya pwani, ambayo Shinyanga haipo. Rimu na springi za kiti hushika kutu haraka, na turubai linaloifunika baiskeli saa zote linafungia unyevu humo humo. Kwa springi, kitambaa chenye oili kila wiki kinatosha; rimu ifute kwa kitambaa kikavu, maana breki hushika hapo na oili huifanya iteleze.

Nanyi mnaojenga vyumba vya kupanga Manzese, Tandika na Mbagala: chomeleeni pete ya chuma chini ya ngazi au mwisho wa korido. Ni kipande cha nondo na kazi ya saa moja ya fundi, na mpangaji wenu atarudishiwa sehemu ya nane ya chumba chake.