Bwana Strahd Anakualika Chakula

Strahd von Zarovich hutuma barua. Ni vampaya, ni mtawala wa Barovia, mbwa mwitu na popo humletea habari, na hata hali ya hewa humtii, lakini akitaka kuonana na wageni wake anachukua kalamu na kuwaalika chakula cha jioni. Kwa adabu kabisa. Nimeendesha kampeni tatu za Dungeons & Dragons hadi mwisho, hii ya Strahd ndiyo ya nne, na sijaona mlango mzuri kuliko huu wa kumwingiza adui mkuu mchezoni. Pia sijaona mlango ulio hatari zaidi kwa watu walioketi mezani, na hapo ndipo mimi na kitabu chenyewe, Curse of Strahd, tunagombana.

Kwa wale ambao hawajawahi kucheza: D&D ni hadithi inayosimuliwa na watu wengi kwa pamoja. Kila mchezaji ana mhusika mmoja. Msimulizi, ambaye sisi humwita DM kama dunia nzima, anabeba kila kitu kilichobaki: kijiji, mvua, mbuzi wa jirani, adui. Dadu ya pande 20 inaamua yale ambayo hakuna mwenye uhakika nayo. Kampeni ni hadithi hiyo ikiendelea wiki baada ya wiki, na ikiwa mna bahati ya kutohama mtaa wala kupata kazi ya wikendi, inaweza kwenda miaka.

Sasa, shida ya adui kwenye mchezo huu ni kwamba wengi wetu tulijifunza maadui kutoka kwa filamu. Tulikaa kwenye vibanda vya video tukijua sheria moja: steringi hauawi. Lakini kuna sheria ya pili ambayo hatukuwahi kuitaja, kwamba adui mkubwa pia hauawi, angalau si kabla ya dakika kumi za mwisho. Anaweza kusimama kwenye balkoni, amevaa koti refu, akahutubia watu wenye bunduki, na hakuna anayemfyatulia. Kamera inamlinda.

Mezani hakuna kamera. Kuna wasee watano, kila mmoja ni steringi kichwani mwake, na kila mmoja ana dadu. Niliwahi kucheza kwa DM mmoja ambaye alikuwa ameandika hotuba ya adui wake kurasa mbili nzima. Adui akatokea juu ya mnara, akaanza. Sentensi ya tatu haikufika mwisho, mpiga upinde wetu alikuwa ameshasema, “Namfuma.” DM akasema haiwezekani. Kwa nini? Kuna ukuta wa uchawi. Tangu lini? Tangu sasa. Tuliendelea kucheza wiki mbili hivi, kisha kikundi kikafa, na sidhani ni kwa sababu ya ratiba. Ukimwonyesha mchezaji adui halafu ukamkataza kumgusa, umemwambia kwamba uhuru wake ni wa kuazimwa. Hawezi kumchukia adui tena. Anakuchukia wewe.

Waandishi wa kampeni wanaijua shida hii na kila mmoja huikwepa kivyake. Tomb of Annihilation, ya 2017, inamficha adui wake kabisa. Kuna kifaa kinachomeza roho za wafu, waliowahi kufufuliwa wanaanza kunyauka, wachezaji wanasafiri msituni Chult kutafuta chanzo, na Acererak mwenyewe haonekani mpaka mwisho kabisa wa kaburi. Ni njia salama. Lakini kwa miezi mingi unapambana na mbu, mamba na mitego, na mtu anapokuuliza unapigana na nani huna sura ya kumwonyesha. Mimi kazi ya namna hiyo naijua, nimeandika makala nyingi kwa wahariri ambao sijawahi kuwaona uso, na nakuhakikishia hasira haikai mahali ambapo hakuna uso.

Hoard of the Dragon Queen, 2014, inashangaza zaidi. Adui wake mkuu ni Tiamat, joka lenye vichwa vitano, na kwa kitabu kizima ni jina tu ambalo watu wanaliomba. Lakini kuna adui mdogo ndani yake, Langdedrosa Cyanwrath, nusu mtu nusu joka, ambaye anaingia vizuri kuliko bosi wake. Mji wa Greenest unachomwa usiku. Anajitokeza mbele ya ngome akiwa na mateka na kusema: nileteeni mmoja wenu, tupigane wawili tu. Wachezaji wako levo ya kwanza. Anayetoka kwa kawaida huanguka, mbele ya mji mzima. Hakuna hotuba, hakuna ukuta wa uchawi, na hakuna aliyekatazwa kitu, maana ulikuwa na haki ya kukataa na bado ukaenda. Baada ya hapo mchezaji huyo atamtafuta Cyanwrath mpaka ndani ya pango, hata kama hakumbuki Tiamat ni nani.

Strahd ni wa aina nyingine. Chanzo chake kinajulikana: Tracy Hickman alikutana na vampaya ndani ya shimo la kawaida la michezo ya wakati huo, akajiuliza, huyu anafanya nini hapa? Yeye na mkewe Laura wakaandika jibu, na TSR ikalichapisha mwaka 1983 kwa jina la Ravenloft. Mwaka 2016 Wizards of the Coast wakalikuza kuwa Curse of Strahd, wakiongozwa na Chris Perkins, Hickman wote wawili wakishauri. Swali lile bado liko kwenye kila ukurasa. Huyu anafanya nini hapa? Anaishi. Ni kwake.

Ndiyo maana mimi humsoma Strahd kama landilodi kabla sijamsoma kama vampaya. Ukungu unafunga mipaka ya Barovia, ukiingia hutoki. Kijijini watu wanamzungumzia bila kumtaja, kama wapangaji wanavyoongea kwenye ngazi mlango wa keteka ukiwa wazi. Kabla hujamwona umeshaona alichofanya: chifu wa kijiji amefariki, moyo ulimshinda baada ya kuzingirwa usiku baada ya usiku, na jeneza lake bado liko nyumbani kwa sababu watoto wake wanaogopa kulipeleka kanisani. Ukitaka kumsaidia bintiye, Ireena, lazima kwanza mbebe jeneza. Hicho ndicho kitendo cha kwanza kikubwa cha kampeni. Si kupigana. Ni kuzika. Yeyote aliyewahi kwenda na gari la maiti ushago na watu wachache kuliko waliotarajiwa anajua jinsi kitendo hicho kinavyowafunga watu pamoja.

Halafu Madam Eva anawapigia ramli kwa karata za Tarokka, na karata hizo zinaamua silaha ziko wapi na Strahd mtapambana naye chumba gani. Kwa hiyo mahali pa mwisho panatajwa mwanzoni. Halafu inakuja barua. Mnakwenda kwenye kasri, mnaingizwa ukumbini, meza imeandaliwa, na mwenyeji yuko kwenye kinanda anapiga muziki. Mpiga upinde wako atasema “Namfuma.” Mwache! Aliyekaa pale ni kiini macho tu. Hickman walimjua yule msee wa upinde miaka mingi kabla hajazaliwa.

Na hata akitokea mwenyewe, kuna sababu ya kutowaua wageni, jambo ambalo kampeni nyingi husahau kabisa. Anatafuta mrithi au mwenzi. Anawapima. Chakula kile ni intavyu, na kama intavyu nyingi za mji huu, aliyekaa upande wa pili ameshajua kwamba hakuna atakayemtosha. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Strahd ni zimwi linalokujua, na anakubakisha kidogo kidogo kwa sababu anataka kuona utakuwa nini.

Ugomvi wangu ni huu. Kitabu kinatangulia kumpa DM historia ya Strahd, na historia yenyewe ni ya mapenzi. Alimpenda Tatyana, mchumba wa mdogo wake Sergei. Siku ya harusi akamuua Sergei, akamfuata Tatyana, naye Tatyana akajirusha kutoka kwenye ukuta wa kasri. Tangu hapo roho yake inazaliwa upya, na sasa ni Ireena, ambaye Strahd ameshamuuma mara mbili. DM anasoma hayo, anamwonea huruma, na anapofika mezani anamwingiza adui wake kwa machozi. Nimeshuhudia. Sauti inashuka, muziki wa piano unawekwa kwenye simu, na Strahd anaeleza upweke wake wa karne nyingi.

Januari 27, 2024 wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Mwezi ule kila mtu alikuwa akisoma habari za mwanamke mwingine aliyepatikana kwenye nyumba ya kukodi, na chini ya kila habari kulikuwa na mtu anayeuliza alikuwa anafanya nini huko. Katika mji huo huo, Jumapili, tunakaa chini na kumpa maiki mwanamume asiyeweza kusikia hapana, aue mdogo wake, na tunaanza hadithi kwa kueleza moyo wake ulivyovunjika. Sisemi mchezo usichezwe. Naupenda mno. Nasema utambulisho ni uamuzi wa nani anaongea kwanza, na kitabu kimeuweka uamuzi huo mikononi mwa DM bila kumwonya sawasawa.

Tunachezea kwangu, bedsita huko Kahawa West, watu watano, kitanda ni benchi, seti moja ya dadu na wengine wanatumia programu ya simu. (Tangu nilipoacha chuo Jumapili ndiyo siku pekee yenye ratiba.) Nilichofanya ni kugeuza mpangilio. Wa kwanza kuongea ni Ireena. Wakiwa wamebeba jeneza njiani kwenda kanisani aliwaeleza alivyokuwa akija dirishani, alivyojua jina la mbwa wake, alivyokuwa akitabasamu akikataliwa. Maneno machache, kichovu, kama mtu ambaye ameshaandikisha ripoti mara tatu. Ya Tatyana sikugusa.

Strahd alifika baadaye, makaburini, jua likiwa limefichwa na mawingu. Hakuwa na koti la filamu. Alivua glavu, akatoa pole kwa marehemu, akamsalimu kila mmoja kwa jina. Kwa mhusika wa mchezaji mmoja, binti anayefanya kazi duka la M-Pesa, akasema tu: “Shikamoo ya mamako nimeipokea. Bado anakaa ile nyumba ya kona?” Mezani kukawa kimya. Mpiga upinde wetu, yule yule wa zamani, alikuwa ameshika dadu na hakuirusha. Hakuna aliyemkataza.

Yule binti ndiye aliyevunja kimya, na aliongea kama yeye, si kama mhusika wake. “Huyu si vampaya,” alisema. “Huyu namjua. Alikuwa ananingoja stegi.” Tulisimama, tukachemsha chai, tukaulizana kama tuendelee. Yeye ndiye aliyesema tuendelee, kwa sharti moja: hataki kusikia Strahd alimpenda nani. Mpaka atakapouliza mwenyewe. Nikaandika sharti hilo juu ya karatasi yangu ya DM, juu ya namba zote, na kwa maoni yangu linafanya kazi kubwa kuliko namba hizo. Adui ambaye hatujui sababu yake, lakini tunajua alichofanya, anatisha zaidi. Na akija kueleza, atakuwa anaeleza kwa watu walioshika jeneza.

Nitaje jambo moja zaidi kuhusu kutambulishwa. Wavistani, watu wa Madam Eva wanaosafiri kwa magari ya farasi, waliandikwa 2016 kwa fikra za zamani kuhusu Waroma wa Ulaya: walevi, wezi, wabashiri, vibaraka wa Strahd. Wizards wenyewe walikubali kubadilisha sehemu hizo mwaka 2020. Mabadiliko ni madogo, na ukiwa na toleo la zamani ni juu yako. Mimi Wavistani wangu ni kama matatu za masafa marefu: wanaujua kila mtu, wanabeba barua za wote, na nauli ni nauli.

Sasa tuko Vallaki, mji ambao tajiri wake anaandaa sherehe kila wiki na kuwafunga wasiofurahi, na nitaacha hapo kwa sababu nyote mnaishi Kenya. Barua ya mwaliko ilifika wiki ya tatu, kwa muhuri mwekundu, mikononi mwa binti wa M-Pesa. Aliiweka kwenye mkoba wa mhusika wake bila kuifungua. Kila Jumapili namwuliza kama anaisoma, naye anajibu, “Bado.” Huko kasrini meza imeandaliwa, kinanda kinapigwa, na kwa mara ya kwanza Strahd ndiye anayengoja.