Jina la Imani katika Kidagaa Kimemwozea

Wanafunzi wengi tunapohakiki riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), humaliza suala la majina kwa sentensi moja: Imani anaitwa hivyo kwa sababu ana imani. Naona uhakiki huu haumtendei haki mhusika.

Neno imani limetoka katika Kiarabu, lenye maana ya kusadiki, na lina mzizi mmoja na amani, amana na amini. Sisi wasemaji wa Kirundi na Kinyarwanda tujihadhari: halihusiani na Imana, jina letu la Mungu, ijapokuwa sauti zinakaribiana. Kiswahili nacho kimelipa neno hili maana ya huruma. Kumwonea mtu imani ni kumhurumia.

Je, ni maana ipi inayofanya kazi katika riwaya? Tukishika kusadiki peke yake, tutakwama mapema. Imani anapokutana na Amani ziwani, amekwisha kufiwa na mama yake, nyumba yao imechomwa, naye anataka kujiua. Mwenye jina la Imani anaingia katika hadithi akiwa ameishiwa na imani. Tukishika huruma, matendo yake yanasomeka vizuri: anawatunza watoto walemavu wa Mwalimu Majisifu, tena anasaidiana na Amani kumlea Uhuru, kitoto kilichotupwa.

Wapo pia wanaoyagawa majina haya kijinsia: mwanamume apewe amani ya jamii nzima, mwanamke apewe imani ya kuvumilia nyumbani. Riwaya inaukataa mgawanyo huo. Wote wawili wanalea, na kitoto kinapokufa wote wawili wanasingiziwa na kutiwa ndani. Hata nje ya riwaya, jina hili hupewa wasichana zaidi, lakini wapo wanaume waitwao Imani.

Kwa nini jambo hili litushughulishe? Wengi wetu tutakuwa walimu. Tukifundisha kwamba wema wa Imani umo katika jina lake, tutakuwa tumemwambia msichana darasani kwamba kuvumilia ndiyo hulka yake, na kwamba hastahili sifa kwa lolote alilolitenda. Imani wa Walibora alikuwa na kila sababu ya kuufunga moyo wake, lakini alikipokea kitoto kisicho chake. Uhakiki uanzie kwenye tendo hilo, ndipo urudi kwenye jina.