Umri wa Rangi

Kwenye gari la Toyota namba ya rangi iko kwenye kibati kidogo, ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, penye herufi C/TR. Ukikuta 040, hiyo ni nyeupe. 202 ni nyeusi. Mpe mwenye duka la rangi namba hiyo, atakuchanganyia ileile iliyotoka kiwandani. Sasa ipige kwenye mlango wa Corolla iliyotembea zaidi ya miaka ishirini, uone: mlango utang'aa peke yake, utadhani umeazimwa kwenye gari la jirani.

Fundi rangi wa Kiboriloni, hapa Moshi, analijua hilo kabla hujamaliza kumsomea namba. Anaipokea kwa adabu, kisha anakwenda kufungua kifuniko cha tangi la mafuta. Mle ndani jua halijawahi kufika, kwa hiyo anaona gari lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Halafu anachukua kompaundi na kitambaa, anasugua kipande cha madigadi iliyo jirani na jeraha mpaka vumbi na unga uliochakaa vitoke. Pale penye tangi pamemwonyesha rangi ilikoanzia. Hapa kwenye madigadi anaona imefika wapi. Kumechisha ni kuifuata hii ya pili.

Ndiyo sababu ninaisifu kazi hii kuliko ile ya kupiga gari zima rangi mpya, ambayo wengi huiona kubwa zaidi. Gari zima likipigwa upya, hakuna kilichobaki cha kulinganisha nacho. Anayetengeneza mlango mmoja anatakiwa kutengeneza pia miaka iliyopita juu ya ile milango mingine mitatu.

Na miaka ya Moshi ni mikali. Tuko nyuzi tatu hivi kusini mwa Ikweta, zaidi ya mita 800 juu ya bahari, na magari mengi hushinda na kulala nje. Miale ya urujuanimno huivunjavunja rangi taratibu. Nyekundu ndiyo huchoka upesi, ikaishia karibu na waridi. Nyeupe za zamani huvuta umanjano. Paa na boneti hutangulia kuchakaa, milango hufuata, kwa hiyo hata gari ambalo halijawahi kugongwa lina rangi kadhaa, ila mwenyewe hazioni.

Bodi ikishanyooshwa, puti ikapigwa msasa na prima ikakauka, kopo linafunguliwa. Fundi anaanza na ile namba ya kiwandani, kisha anaitoa kwenye njia yake kidogokidogo: tone la nyeusi, manjano kidogo. Rangi ikivuta wekundu haiongezei nyeupe. Anaitia kijani kiasi, wekundu unanyamaza. Kila tone ni uamuzi usiorudi nyuma. Nyeusi ikizidi huwezi kuitoa, utaongeza tu vitu vingine juu yake, na nusu lita uliyoihitaji itakuwa lita mbili. Fundi mchanga mtambue kwa wingi wa mabaki yake.

Tena haihukumu ikiwa mbichi. Anapuliza kwenye kipande cha bati, anakiweka pembeni, maana rangi nyingi hukolea zikikauka.

"Fundi, mbona haifanani?"

"Iache ikauke kwanza, mzee."

Kisha kuna suala la mwanga. Soko la Kiboriloni linajulikana kwa mitumba, na akina mama wazoefu hawanunui blauzi chini ya turubai la buluu. Wanaitoa nje, juani, ndipo bei ianze. Fundi na kipande chake cha bati ni vivyo hivyo. Anakitazama asubuhi, kilele cha Kibo kikiwa wazi, na anakitazama tena mawingu yakishashuka mteremkoni na mwanga ukawa wa kijivu. Rangi mbili zaweza kupatana juani zikaachana kivulini, kwa sababu viini vya rangi vilivyomo kwenye kopo la leo si vile vilivyotumika Japani miaka ya tisini. Usiku, chini ya taa za kituo cha mafuta, tofauti hujitokeza bila haya.

Wapo wanaodhani nyeusi ni rahisi. Kuanzia 1914 hadi 1925 Ford ya aina ya T ilitoka kiwandani nyeusi tu, lakini sidhani hilo lingempumzisha fundi wetu: kuna nyeusi inayoelekea buluu na nyeusi inayoelekea kahawia. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyepewa mwaka 1824 kazi ya kusimamia utiaji rangi katika karakana za mazulia ya ukutani za Gobelins, Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyeusi yao haina nguvu. Akaichunguza, akakuta rangi haina kasoro. Kilichoiharibu ni buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1839. Jicho halisomi rangi bila kumsoma jirani yake.

Silva ndiyo mtihani wenyewe. Ina chembe za alumini, na chembe hizo hulala kutegemea mkono: ukipuliza kwa mbali, upepo mwingi, rangi inafika nusu kavu na kuonekana nyeupe, ukisogea na kulowesha, inakuwa nzito na kuingia giza. Kopo moja, mikono miwili, silva mbili. Hapo fundi mzuri huacha kutegemea mchanganyiko peke yake. Huipuliza rangi mpaka juu ya mlango wa jirani, akiipunguza hatua kwa hatua hadi ipotee, kisha klia inafunika yote. Hakuna tena mstari ambapo jicho lingesimama kulinganisha. Huo ni ujanja, na ni ujanja halali.

Msimu wa kazi hii ni Novemba na Desemba. Wachagga wanarudi nyumbani Krismasi, na gari lililokaa mwaka mzima na mlango wa prima halipandi Rombo au Machame hivyohivyo, mbele ya mashemeji. Kazi hulundikana, na hapo ndipo ninapomwonea fundi huruma, maana kigumishi cha rangi za kisasa kina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha. Kitambaa alichojifunga puani hakiizuii. Wala maziwa anayokunywa jioni hayaitoi. Barakoa yenye vichujio vya kweli ingepaswa kuwa ndani ya bei, na mteja anayeng'ang'ania punguzo ajue anapunguza nini.

Rangi inayobaki humiminwa kwenye chupa ya soda na kuandikwa namba ya gari. Mwenye gari akigongwa tena mwakani ataiulizia, akitumaini bei itashuka. Fundi ataitikisa chupa, atapuliza kidogo kwenye bati, kisha atanyoosha mkono kutafuta kopo la manjano.