Ngoma Hupashwa Mapema

Ngoma ya ngozi haipatani na jioni ya Dar es Salaam. Unyevu wa pwani huingia kwenye ngozi, ngozi ikalegea, na ukiipiga unasikia kama umepiga gunia la pumba. Dawa yake ni moto mdogo wa makuti. Ngoma inainamishwa uso kwenye mwali, inazungushwa, inagongwa kwa ncha za vidole, inasikilizwa, kisha inarudishwa motoni. Ikisogea mno, ngozi inapasuka. Ikikaa mbali, umeteketeza makuti bure.

Mwanafunzi niliyemfuata Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapigi ngoma. Yuko mwaka wa tatu, na wenzake walimkabidhi siku ya utamaduni aiandae. Lakini kwenye ratiba yake kila kikundi chenye ngoma kilikuwa na saa mbili zilizoandikwa: ya kupanda jukwaani na ya kwenda motoni. Aliyewahi mno hupanda na ngoma zilizokwisha poa. Aliyechelewa huwaweka watazamaji wakitazama moshi.

Niliiomba ile karatasi niisome. Zeze la Wagogo lilitangulia, muheme ukafuata. Nikamuuliza kwa nini, maana ningedhani ngoma za muheme, za akina mama wanaozibana mapajani na kuzipiga kwa mikono, ndizo zingefungua shughuli kwa kishindo. "Mzee, masikio yakishazoea ngoma hayasikii tena nyuzi," akanijibu. Kwenye bugobogobo ya Wasukuma alikuwa ameandika neno moja: nyaya. Wachezaji wale hurusha majembe na kuyadaka, kwa hiyo kabla hawajaingia, kila waya wa kipaza sauti uwe umeshakunjwa. Dakika 4 alizitenga kwa kazi hiyo tu.

Ratiba nyingi za shughuli zetu huhesabu kinachoonekana: wimbo dakika 10, hotuba dakika 15. Yeye alihesabu pia kisichoonekana, yaani watu kushuka, viti kuondolewa, mtu kutafuta kiatu chake. Ndiyo maana mshereheshaji hakulazimika hata mara moja kuwachekesha watu ili kuziba pengo.

Nyuma ya karatasi hiyohiyo kulikuwa na maandishi ya penseli. Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa na usaili wa nafasi ya mafunzo kazini, na pale ndipo alipokuwa akiyachonga majibu yake. Swali la kwanza lilikuwa lile tunalolijua sote, la kujieleza. Jibu la awali lilijaa maneno ya kila mtu: mchapakazi, mbunifu, anayejituma. Yote yalikuwa yamekatwa. Chini yake aliandika kuhusu vikundi 7 na jukwaa 1, na kilichofanyika kimoja kilipochelewa.

Kila kikundi kilipokuwa jukwaani na mambo yakienda sawa, alijibanza nyuma ya spika na rafiki yake aliyeshika simu. Rafiki anauliza, yeye anajibu, simu inahesabu. Jibu la mara ya kwanza lilichukua dakika 3. Akaondoa habari za shule ya msingi. Likabaki dakika 2. Akaondoa sentensi ya kujisifu, akaacha tukio lijisemee. Mara ya nne lilikuwa dakika moja na nusu, na halikusikika kama kitu kilichokaririwa. Kisha akatazama saa, akaondoka bila kuaga. Wapigaji wa kikundi kilichofuata walikuwa bado wanapiga soga, na muda wao wa kwenda motoni ulishafika.

Nilikuwa nimejiandaa kumkumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Sikusema. Nilichokiona kilikuwa kazi moja iliyofanywa mara mbili: kujua nini kiwe tayari kabla ya jina kuitwa, na kuondoa njiani kila kitakachomkwaza mtu akishaingia.

Kwa hiyo ninyi mnaokaa upande wa pili wa meza ya usaili, mkikuta kwenye wasifu wa kijana mstari mmoja usemao aliandaa tamasha chuoni, msiuruke kwenda kutafuta alama zake. Muulizeni ngoma zilikwenda motoni saa ngapi. Aliyeandaa kweli atawajibu kwa dakika.