Askari Bila Msimamizi: Uhakiki wa Sitiari ya Kinga ya Mwili na Ugonjwa wa Ini katika Bandari ya Bujumbura

Maandishi ya afya kwa Kiswahili yamezoea kuziita seli nyeupe za damu "askari wa mwili". Makala hii inashikilia kwamba sitiari hiyo, ijapokuwa imefaa katika elimu ya chanjo na UKIMWI, inapotosha inapoelezea ugonjwa wa ini utokanao na kichocho cha tumbo.

Bandari ya Bujumbura ni mahali mwafaka pa kuipima. Wavuvi, wachukuzi na mabaharia wa njia za Kigoma, Kalemie na Mpulungu hukutana hapo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Kichocho cha tumbo nacho kimekuwapo kwa muda mrefu mjini humo na katika uwanda wa Rusizi.

Sitiari ya askari husema kwamba adui ni mnyoo. Akifa, vita vimekwisha. Ukweli ni tofauti. Minyoo hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo, na baadhi ya mayai yake huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama humo. Seli za kinga huyazingira na kufanya vinundu. Vinundu hivyo hulikinga ini dhidi ya sumu ya mayai, lakini uvimbe ukipita kiasi huacha makovu yanayobana njia ya damu. Bandama huvimba, na mgonjwa aweza kutapika damu. Miongoni mwa vizuizi vya uvimbe huo ni seli dhibiti, ambazo utafiti wake uliwapatia Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025. Katika msamiati wa vita, seli inayowazuia wenzake ni msaliti. Katika ini, ni msimamizi.

Kosa hili la lugha lina gharama kisera. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haiyaondoi mayai yaliyokwisha kukwama, na makovu ya miaka mingi hupungua polepole, kama yatapungua. Kwa hiyo kampeni inayoishia shuleni humwacha mvuvi mtu mzima na madhara yasiyoonekana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 umekwisha kupendekeza tiba ya jamii kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwamo.

Tunapendekeza mambo mawili: istilahi "seli dhibiti" iingizwe katika vitabu vya mafunzo ya wahudumu wa afya, na wafanyakazi wa bandari wapewe tiba pamoja na kipimo cha ini kwa mawimbi ya sauti. Sitiari ya askari ibaki kwenye chanjo, inakostahili.