Jina Munich, Kiwanda Wolfsburg

Juni 1998 wanahisa wa Vickers, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikimiliki magari ya Rolls-Royce na Bentley, walipiga kura kuamua wamuuzie nani. BMW ya Munich ilikuwa imetoa dau la pauni milioni 340. Volkswagen ya Wolfsburg ikaja na milioni 430. Mwenye dau kubwa akashinda, na kwa muda mfupi ilionekana biashara imekwisha. Volkswagen ilikuwa imepata kiwanda cha Crewe, wafanyakazi wake, michoro, umbo la ile grili ya mbele, hata kisanamu cha mwanamke mwenye mabawa kinachosimama juu ya boneti. Kitu kimoja tu hakikuwamo kwenye furushi: jina Rolls-Royce.

Chanzo chake ni 4 Februari 1971, siku Rolls-Royce ilipofilisika. Magari hayakuwa na hatia. Kilichoizamisha kampuni ni gharama za kuunda injini ya ndege iitwayo RB211. Serikali ya Uingereza ikautaifisha upande wa injini za ndege ili usife, na mwaka 1973 upande wa magari ukatengwa ukawa kampuni yake yenyewe, ambayo Vickers iliinunua mwaka 1980. Katika mgawanyo huo alama za biashara, yaani jina lenyewe na zile herufi mbili za R zilizopandana, zilibaki mikononi mwa watengeneza injini za ndege. Wenye magari walipewa leseni ya kuzitumia. Kwa miaka 25 jambo hilo lilikaa kwenye makabati ya mawakili bila kumsumbua mtu.

Siku ya kuuza ilipofika, Rolls-Royce ya ndege ilikuwa na rafiki tayari. Tangu mwaka 1990 ilikuwa na kampuni ya ubia na BMW ya kutengeneza injini za ndege huko Ujerumani. Ikaamua jina liende kwa rafiki, kwa pauni milioni 40. Hapo ndipo hesabu inapopendeza: aliyeshindwa kwenye mnada kwa dau la milioni 340 aliondoka na jina kwa bei isiyofika moja ya nane ya dau lake.

BMW ilikuwa na silaha ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoumiza zaidi. Magari mapya ya Crewe ya mwaka huo, Rolls-Royce Silver Seraph na Bentley Arnage, yaliundwa kuzunguka injini zake. Seraph ilibeba V12 ya lita 5.4, Arnage ikabeba V8 ya lita 4.4 iliyoongezwa turbo mbili. Mkataba uliiruhusu BMW kusitisha usambazaji kwa notisi ya miezi 12. Volkswagen haikuwa na namna ya kuunda injini nyingine, kuifunga ndani ya magari yale na kuyafanyia majaribio yote katika muda huo. Ilikuwa imenunua kiwanda ambacho moyo wa magari yake ulitoka kwa mshindani ambaye ilikuwa imetoka kumshinda.

Mapatano yalitangazwa 28 Julai 1998. Volkswagen ingeendelea kutengeneza magari yenye jina Rolls-Royce hadi mwisho wa mwaka 2002, injini zikiendelea kuja kutoka BMW. Baada ya hapo jina, kisanamu na grili vingehamia BMW, na Volkswagen ingebaki na Bentley, Crewe na kila kilichomo. BMW ikajenga kiwanda kipya kabisa Goodwood, kusini mwa Uingereza, na siku ya mwaka mpya 2003 Phantom ya kwanza ikakabidhiwa kwa mnunuzi. Ferdinand Piëch, aliyekuwa akiiongoza Volkswagen, alisema tangu mwanzo shabaha yake ilikuwa Bentley tu. Sijawahi kushawishika na maelezo hayo; mtu hapiganii furushi zima hadi milioni 430 kisha aseme alitaka nusu yake. Hata hivyo biashara haikumtupa. Mwaka 2013 Bentley iliuza magari 10,120, idadi ambayo Crewe ya zamani, majina yote mawili yakijumlishwa, haikuwahi kuikaribia. Rolls-Royce ya Goodwood nayo ilivuka magari 6,000 kwa mara ya kwanza mwaka 2022.

Simulizi hii kwa kawaida huishia kwa wakubwa: nani alimzidi nani akili. Mimi navutiwa zaidi na aliyekuwa ameshalipia gari.

Chukua Arnage. Mteja wa mwaka 1998 alipata Bentley yenye V8 ya BMW, nguvu farasi 350 na msukumo wa Nm 569. Mwaka uliofuata Volkswagen, isiyotaka kuishi kwa hisani ya mshindani, ilirudisha ile V8 kongwe ya Crewe ya lita 6.75, ambayo asili yake ni mwaka 1959, ikiwa na turbo moja kubwa. Gari ilibidi lifanyiwe marekebisho ili injini hiyo iingie na mwili uistahimili. Nguvu farasi zikawa 400 na msukumo ukapanda hadi Nm 835. Likaitwa Red Label, na la kwanza, lililobaki na injini ya BMW, likaitwa Green Label. Kwa nje ungehitaji jicho la fundi kuyatofautisha. Ndani ni magari mawili: spea tofauti, mafundi tofauti, na siku ya kuuza, wanunuzi tofauti.

Silver Seraph halikubadilishwa. Liliendelea na V12 ya BMW hadi lilipokoma mwaka 2002. Matokeo yake ni gari ambalo jina lake liko mikononi mwa BMW kwa leseni, injini yake ilitengenezwa na BMW, lakini spea zake hazisimamiwi na BMW. Magari ya Rolls-Royce ya kabla ya 2003 huhudumiwa kwa spea kutoka Crewe, kwa Bentley, ndani ya himaya ya Volkswagen, kwa sababu michoro na stoo vilibaki huko. Mwenye Seraph akienda shorumu yenye jina lilelile lililo kwenye boneti yake, amekwenda kwa watu ambao hawakulitengeneza gari hilo.

Magari hayo ni machache na wenye nayo hawalii njaa. Jambo hilihili limewagusa watu wengi zaidi kupitia Range Rover, na hapa Nairobi na Dar es Salaam zimo katika hadithi.

BMW iliinunua Rover Group mwaka 1994, Land Rover ikiwemo. Chini yake ndipo lilipobuniwa Range Rover la kizazi cha tatu, lile ambalo mafundi hulijua kwa namba L322. Mwaka 2000, kabla gari halijaingia sokoni, BMW ilichoka na hasara za Rover na ikaiuza Land Rover kwa Ford. Ford ikajikuta na gari lililokwisha kubuniwa na mwingine: petroli ni V8 ya lita 4.4 ya BMW, dizeli ni ya lita 3.0 ya BMW, na sehemu kubwa ya mfumo wa umeme imetoka kwenye BMW za 5 Series na 7 Series za wakati ule. Gia boksi ya V8 ilitoka ZF ya Ujerumani. Ya dizeli ilikuwa ya General Motors. Gari lilipoanza kuuzwa mwaka 2002, Ford ililipa BMW kwa kila injini iliyofungwa ndani yake.

Hali hiyo haikuweza kudumu. Ford ilikuwa inamiliki Jaguar tangu mwaka 1989, na Jaguar ilikuwa na V8 yake. Mwaka 2005 injini ya petroli ya BMW ikatolewa, ikaingia ya Jaguar ya lita 4.4 na nyingine ya 4.2 yenye supachaja, pamoja na gia boksi ya ZF ya gia sita badala ya tano. Dizeli ya BMW ilifuata kuondoka muda mfupi baadaye, nafasi yake ikachukuliwa na V8 ya lita 3.6. Mwili ni uleule, milango ileile, beji ileile. Kisha Juni 2008 Ford iliyokuwa ikihitaji fedha iliziuza Jaguar na Land Rover pamoja kwa Tata Motors ya India, kwa dola bilioni 2.3.

Sasa weka gari la mwaka 2004 kwenye meli ya kuja Mombasa. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo mengi ya rika hilo yaliingia kabla ya mwaka 2012. Aliyelinunua alipata gari lililobuniwa chini ya BMW, likauzwa jipya na Ford, na kampuni yenye beji yake wakati huo ilikuwa mali ya Wahindi. Akiuliza spea za injini kwa jina la Range Rover, atatajiwa bei ya Range Rover. Fundi mjanja wa Kirinyaga Road hapa Nairobi, au wa Gerezani kule Dar, haulizi hivyo. Anajua kuwa ukoo huohuo wa injini ulifungwa kwenye BMW X5 ya 4.4 ya hadi mwaka 2003, kwa hiyo anauliza pampu ya maji au reli za plastiki za cheni kwa muuza spea za BMW. Si kila kinachofanana kinaingia, na hapo ndipo fundi wa kubahatisha anapomtia mteja hasara, lakini anayejua asili ya injini hushika ufunguo ambao shorumu haina sababu ya kuutoa.

Namna ya kujua gari lako liko upande gani wa mpaka haihitaji mashine. Soma namba ya chesisi, hesabu hadi herufi ya kumi. Kwa gari la petroli, ukikuta 2, 3, 4 au 5, hilo ni la enzi za injini ya BMW. Ukikuta 6, umevuka kwenda Jaguar. Dalali anayesema "ni Range zilezile tu, kaka" ama hajui anachouza ama anajua sana. La dizeli lenye injini ya BMW linahitaji swali la ziada: ile gia boksi ya General Motors imeshafunguliwa lini na kwa mkono wa nani. Ina sifa mbaya, na fundi wake si fundi wa injini.

Tata, kwa haki yake, haikuvuruga. Iliziacha Jaguar na Land Rover zifanye kazi Uingereza, ikatoa mtaji, na ikaendelea kununua injini kwenye viwanda vya Ford vya Bridgend na Dagenham kwa mkataba, huku ikijenga kiwanda chake cha injini karibu na Wolverhampton kilichofunguliwa mwaka 2014. Wengi walitabiri mabaya kwa sababu mnunuzi alitoka Asia, na utabiri huohuo ukarudiwa Geely ya China ilipoinunua Volvo mwaka 2010. Uraia wa mnunuzi ulikuwa swali lisilo na maana. Lenye maana lilikuwa kama ana subira ya fedha na kama mikataba ya injini itadumu hadi awe na zake.

Saab ndiyo inayoonyesha hali ikiwa hakuna subira. General Motors iliiuza mwaka 2010 kwa Spyker, kampuni ndogo ya Uholanzi, na Desemba 2011 Saab ikafilisika. Kulikuwa na Wachina waliotaka kuingiza fedha, lakini General Motors ilikataa kuwapa leseni za teknolojia yake iliyokuwamo ndani ya magari hayo. Ameuza kampuni, lakini bado ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya nani ainunue tena. Huko Marekani aliyekuwa na Saab iliyouzwa kabla ya Februari 2010 waranti yake iliheshimiwa na General Motors. Aliyenunua mwaka mmoja baadaye, gari lilelile, alibaki na karatasi. Hata jina halikupona: kampuni ya NEVS ilinunua kiwanda cha Trollhättan mwaka 2012, ikaweka jina Saab kwa leseni, na mwaka 2014 ikanyang'anywa leseni hiyo na mwenye jina, Saab ya ndege za kivita. Wenye magari waliokolewa na kitu ambacho hakuna mwandishi wa magari aliyekuwa akikiangalia. Stoo ya spea ilikuwa kampuni ya pembeni, imewekwa rehani kwa serikali ya Sweden, kwa hiyo haikuzama na nyingine. Ikabadilishwa jina kuwa Orio na ikaendelea kuuza spea za magari ambayo kiwanda chake kilikuwa kimekufa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama anunue gari la kifahari ambalo kampuni yake imeuzwa juzi, simuulizi mnunuzi ni tajiri kiasi gani. Namuuliza injini inatoka kwa nani, mkataba wake unaisha lini, na stoo ya spea imeandikwa kwa jina la nani. Aston Martin iliondoka kwa Ford mwaka 2007, wawekezaji wa Kuwait wakiwa miongoni mwa walioinunua, na siku hizi V8 yake inatoka Mercedes-AMG. Range Rover jipya lililozinduliwa mwishoni mwa 2021, ukilitaka la V8, linakuja na injini ya lita 4.4. Imetengenezwa na BMW.