Hilux kuukuu na mikono iliyopita

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto haifiki kilomita 40, lakini ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, kutoka joto la bondeni hadi mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Gari lenye kasoro halipiti njia hiyo bila kuumbuka. Kupanda kunaumbua mfumo wa kupoza injini, kushuka kunaumbua breki. Kwa hiyo naitumia njia hii kueleza jinsi Hilux yangu, LN106 yenye injini ya dizeli ya 3L, ilivyotolewa kwenye hali ya kuchemsha kila ikipanda hadi ikaweza kubeba viazi bila mwenyewe kukaa roho juu.

Hukumu yangu naitoa mapema. Pikapu kuukuu inamchosha mwenyewe zaidi kwa sababu ya matengenezo iliyowahi kufanyiwa kuliko kwa sababu ya umri wake. Katika makubwa yaliyotusumbua, sikuona hata moja ambalo kiwanda kilikosea. Kila moja lilikuwa na alama ya mkono wa mtu: huyu alikata waya, yule alitoa kifaa akaona hakina kazi, mwingine aliongeza chuma pasipohitaji chuma. Kazi kubwa iliyofanyika gereji ilikuwa kutengua.

Kwanza mashine yenyewe. Hilux ya kizazi cha tano ilitengenezwa kuanzia 1988 hadi 1997. Injini ya 3L ina silinda nne za ujazo wa cc 2,779. Upana wa silinda ni milimita 96 na mwendo wa pistoni ni milimita 96 vilevile. Haina tabo, haina kompyuta. Nguvu zake ni kama farasi 90 tu, na anayetaka kushindana na mabasi ya Arusha atafute kitu kingine. Pampu ya dizeli inajiendesha kwa gia, springi na presha ya mafuta yenyewe. Umeme unaohitajika ili injini iendelee kunguruma ni wa waya mmoja, ule unaofungua valvu ya mafuta kwenye pampu. Waya huo ukiwa mzima, stata ikifa unasukumwa na vijana wawili wa sokoni na unaondoka.

Injini hii pia imefungwa kwenye Hiace nyingi, vile vipanya vilivyobeba abiria miaka na miaka katika miji yetu. Hapo ndipo ilipo siri ya vipuri. Mwenye Hilux kuukuu hategemei wenye Hilux wenzake peke yao. Nyuma yake kuna jeshi zima la madereva wa vipanya waliofanya ringi, gasketi na nozeli za 3L ziwe bidhaa ya kawaida kuanzia Kariakoo hadi duka la spea la Korogwe. Gari zuri lisilo na jamaa sokoni ni mzigo. Hili lina ukoo mkubwa.

Sasa joto. Dalili zilikuwa zinachanganya. Barabara kuu, kwenye tambarare, mshale wa joto ulilala chini kabisa. Tukianza kupandisha na mzigo, mshale unainuka, unaendelea kuinuka, na kabla ya kufika mji mdogo wa Soni tunalazimika kupaki na kufungua boneti. Gereji ya kwanza ilisema rejeta imeziba. Ikafunguliwa, ikachokonolewa, hali ikabaki ileile. Ya pili ikalaumu wota pampu, nayo ikabadilishwa. Pesa ilikwenda, mshale haukusikia.

Fundi aliyelimaliza tatizo alianza kwa kuuliza, siyo kwa spana. Akataka kujua mshale unafanya nini asubuhi, unafanya nini tambarare, unafanya nini mlimani. Kisha akafungua bolti za kifuniko cha thamostati, akaingiza kidole.

"Humu hamna kitu, kaka."

"Hamna kitu vipi, fundi?"

"Waliitoa. Wengi wanaitoa. Wanasema nchi ya joto haihitaji thamostati."

Imani hiyo imeenea mno, na imeua injini nyingi. Thamostati ya injini nyingi za dizeli za Toyota inafanya kazi mbili kwa mpigo. Injini ikiwa ya baridi, inafunga njia ya kwenda kwenye rejeta na kuacha maji yazunguke ndani kwa njia fupi, ili injini ipate moto haraka. Ikifika joto lake inafungua njia ya rejeta, na papo hapo kisahani chake cha pili kinaziba ile njia fupi. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Tambarare, maji yanayobahatika kupita kwenye rejeta yanatosha, tena yanazidi, kwa hiyo mshale unalala na injini inafanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi, inatoa moshi na kujila. Mlimani, gia ya pili, mzigo mgongoni na upepo kidogo wa mbele, hakuna lita ya maji ya kuchezea. Dawa waliyoweka dhidi ya joto ndiyo ilikuwa inaleta joto.

Ikafungwa thamostati mpya ya nyuzi 82. Fundi hakuishia hapo. Akazima injini iliyokuwa imepata moto na kuisukuma feni kwa mkono. Ikazunguka bila kushikwa na chochote, maana yake mafuta mazito yaliyomo kwenye klachi ya feni yalishavuja na feni ilikuwa inafuata upepo badala ya kuuvuta. Nayo ikabadilishwa. Maji ya mtoni yaliyokuwa yameugeuza mfumo mzima kuwa rangi ya udongo yakamwagwa, ukasuuzwa mpaka ukatoa maji meupe, ikawekwa kulanti. Hedi ikapimwa kwa rula ya chuma na kukutwa haijapinda. Hiyo ilikuwa bahati kubwa, kwa sababu injini ya 3L ikichemshwa mara kwa mara mwisho wake ni kuunguza gasketi au kupasuka hedi.

Breki zilikuwa hadithi ya kutisha zaidi, kwa sababu hazikuwa na dalili mpaka uwe kwenye mteremko. Wamiliki waliotangulia walitaka gari libebe kuliko lilivyoumbiwa, wakaongeza majani kwenye springi za nyuma. Kwa macho ni jambo la busara: nyuma imeinuka, gari linaonekana lina nguvu. Lakini Hilux hii ni pikapu ya tani moja, na watengenezaji wake waliweka kifaa kinachoamini hivyo. Juu ya ekseli ya nyuma kuna valvu ndogo iliyofungwa kwenye chesisi, na fimbo inayoiunganisha na ekseli. Gari likiwa tupu, chesisi imekaa juu, na valvu inapunguza presha ya breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge yakateleza. Likipakiwa, chesisi inashuka, fimbo inaigeuza valvu, na breki za nyuma zinapewa presha zaidi zisaidie kushika mzigo.

Ukiongeza majani ya springi, chesisi haishuki tena ipasavyo. Valvu inaamini gari ni tupu wakati lina viazi hadi ukingoni. Kuteremka kutoka Lushoto, breki za mbele zinafanya kazi ya magurudumu manne. Tulipofungua tulikuta diski za mbele zimebadilika rangi na kuwa buluu kwa moto, pedi zimebaki nyembamba kama sarafu, huku breki za nyuma ndani ya madramu yao zina vumbi la miaka na hazijalika. Mtu anaweza kubadilisha pedi kila baada ya muda mfupi, akamlaumu muuza spea kwamba anauza feki, na asijue tatizo liko mwisho mwingine wa gari.

Majani yaliyoongezwa yakatolewa yote. Valvu ilikuwa imekwama kwa kutu. Haikulegea kwa kulainishwa, ikabidi ipatikane ya mtumba iliyo hai, ndiyo iliyochukua muda kuliko kitu kingine chochote katika kazi nzima. Fimbo ikarekebishwa urefu gari likiwa tupu na limesimama kwenye sakafu iliyo sawa. Madramu yakasafishwa, shuu zikasetiwa, hewa ikatolewa kwenye mabomba kuanzia gurudumu la mbali. Baada ya hapo tukakubaliana na gari: tani moja, basi. Mwenye kutaka kubeba tani mbili anunue Canter. Na kushuka ni kwa gia uliyopandia, hata kama utingo anaharakisha.

Mengine nayapitia haraka. Mbele, pale gurudumu linapogeukia, LN106 ina tufe la chuma lililojaa grisi, na ndani yake kuna sili inayozuia oili ya difu isiingie humo. Sili ikichoka, oili inayeyusha grisi na uji mweusi unachuruzika ndani ya gurudumu. Aliyetutangulia alikuwa anashindilia grisi mpya juu ya uji. Ilibidi habu zivuliwe, kila kitu kioshwe kwa dizeli mpaka chuma king'ae, sili na beringi zifungwe mpya. Ni kazi chafu, ya siku nzima kwa kila upande, na haihitaji kifaa chochote ambacho gereji ya Lushoto haina.

Kwenye umeme tulikuta plagi za kupasha moto zimeungwa kwenye swichi ya kubonyeza, kama ya kengele ya mlango, badala ya kidhibiti chake. Dereva alikuwa anabonyeza kwa kukadiria, na plagi zinazoachiwa umeme muda mrefu zinaungua. Asubuhi ya Julai milimani Usambara, 3L yenye plagi mbili zilizokufa inaitafuna betri hadi majirani wote waamke. Mkanda wa taimingi nao: mpango wake ni kubadilishwa kila kilomita 100,000, na dashibodi ina taa maalumu ya kukumbusha. Taa yetu ilikuwa imetolewa balbu. Mkanda ukikatika injini ikiwa kwenye mwendo, valvu zinagongana na pistoni, na hapo unanunua injini. Gari ambalo hujui historia ya mkanda wake, mkanda unabadilishwa kabla hujaenda nalo popote.

Sitaki kumdanganya msomaji kuhusu kile ambacho pikapu hii haiwezi. Pikapu yangu haina mifuko ya hewa, na katika ajali kubwa kizazi hiki hakikulindi kama gari la leo. Pampu yake inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaitafuna kimyakimya. Kutu inaanza kwenye mishono ya bodi, pale maji ya kabichi zilizooshwa yanapotuama. Na muda: kuna wiki ambazo gari liko juu ya mawe na mzigo wa watu unakusubiri. Hiyo ni hasara halisi, si ya kupambwa.

Hata hivyo, niulizwe leo kama ningelibadilisha na Hilux za baada ya 2005 zenye sindano za dizeli zinazoamriwa na kompyuta, jibu ni hapana. Zile ni nyepesi kuendesha, zina nguvu zaidi, na fundi mwenye mashine ya kupima anaweza kuzisoma. Lakini kasoro zao nyingi zimejificha kwenye umeme ambao dereva hauoni. LN106 inasema. Ikikosa hewa inatoa moshi mweusi, ikila oili moshi unakuwa wa bluu, beringi ya gurudumu inalia kwenye kona kabla haijafa, krosi ya propela inagonga ukiondoka. Nilichofurahia zaidi ya kitu kingine ni siku ya kwanza tulipopandisha na mzigo kamili baada ya kazi ile: mshale ulikwenda hadi katikati, ukasimama, na haukutikisika kona baada ya kona. Najua kwa nini umesimama. Najua kila kipande kinachoushikilia pale. Furaha ya aina hiyo sijaiona kwa mtu anayemiliki gari asilolielewa.

Unayetaka kununua moja, usianze kwa kusikiliza injini, maana muuzaji ameshaipasha moto kabla hujafika. Lala chini nyuma ya gari, hesabu majani ya springi, tafuta ile fimbo ya valvu ya breki uone kama imeunganishwa na inatikisika. Chungulia nyuma ya magurudumu ya mbele kama kuna uji mweusi. Washa swichi uone kama taa ya mkanda wa taimingi inawaka na kuzima. Halafu omba injini ikiwa imepoa kifuniko cha thamostati kifunguliwe mbele yako. Ni bolti chache na gasketi ya bei ndogo, lipia wewe. Muuzaji akikataa, mshukuru kwa muda wake na uende kwa mwingine.